Kilima Kisichokuwepo: Mkono, Kipimo na Mashine katika Kufundisha Maumbo ya Vipimo Vitatu

Ubao wa darasani ni bapa. Kitabu ni bapa, daftari ni bapa, na ramani iliyotundikwa ukutani ni bapa. Lakini ulimwengu ambao mwalimu huueleza kwa vitu hivyo una urefu, upana na kimo. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha matatizo mengi tunayoyaona tunapowakagua walimu wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mtoto aweza kuyataja maumbo ya nchi kwa majina bila kukosea hata moja, lakini akipewa ramani yenye mistari ya kontua na kuulizwa maji ya mvua yatakimbilia upande gani, hana jibu.

Siku hizi zipo mashine zinazodai kuliondoa tatizo hilo. Iko miwani ya uhalisia pepe, ambayo humfanya aliyeivaa aone kama kwamba amesimama ndani ya bonde, juu ya mlima au hata ndani ya moyo wa binadamu. Ziko skrini za mguso, ambazo huligeuza, hulikuza na hulikata umbo kwa ncha ya kidole. Wanasayansi huzitumia kuchunguza wingi wa namba walizokusanya kuhusu ardhi, miti, bahari na mwili. Walimu wanafunzi hutuuliza mara kwa mara: je, shule zetu za msingi zitavipata lini vyombo hivyo? Na kabla havijafika, tufanye nini?

Maswali hayo ni ya haki, nasi tunapenda kuyajibu kwa kutoa maoni yetu wazi. Mashine hizo ni zana nzuri, wala hatuzibezi. Hata hivyo, mtoto atafaidika nazo iwapo tu amekwisha kupima kitu mwenyewe, akaziandika namba zake, na akalijenga umbo kwa mikono yake kutokana na namba hizo. Asiyepitia hatua hiyo ataiamini kila picha atakayoonyeshwa, maadamu ina rangi nzuri. Tumechagua kuyaeleza maoni haya kwa kutumia mfano wa Delta ya Rufiji, kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine katika nchi yetu ambapo tofauti ndogo ya kimo ina uzito mkubwa katika maisha ya watu kiasi hicho.

Nchi ya tofauti ndogo

Kutoka mji wa Kibiti kuelekea mashariki, nchi hushuka polepole hadi Nyamisati, ambako wasafiri wa Mafia hupanda vyombo. Kusini ya hapo mto Rufiji umegawanyika katika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo mna vijito, visiwa, mashamba ya mpunga na misitu ya mikoko. Humo ndimo zilimo kata za Salale, Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi na Msala. Mikoko ya delta hii imeenea katika eneo la hekta zipatazo 53,000, na ni miongoni mwa misitu mikubwa kabisa ya aina hiyo katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu chini ya Mkataba wa Ramsar.

Katika nchi hiyo, bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia mita 3 na zaidi. Miti yenyewe imejipanga kwa kufuata kimo cha ardhi na ladha ya maji. Mlilana husimama mbele, panapofunikwa na bahari mara nyingi. Mkandaa hukaa nyuma, panapofikiwa na maji mara chache. Msikundazi hupendelea mahali panapopata maji baridi ya mto. Mtu aliyezaliwa humo huijua ngazi hiyo bila kuambiwa, ijapokuwa hajawahi kuiona imeandikwa.

Mnamo Aprili 2024 wilaya za Rufiji na Kibiti zilipata mafuriko makubwa, na makazi na mashamba mengi yakafunikwa na maji. Katika hali kama hiyo, nusu mita ya kimo ndiyo humtenga anayelala ndani ya nyumba yake na anayelala juu ya dari. Baada ya maji kupungua huja vikao: nani ahame, ahamie wapi, shamba lipi lirudiwe na lipi liachwe. Katika vikao hivyo huletwa ramani na picha zilizotengenezwa kwa kompyuta. Mwananchi asiyeweza kukisoma kimo cha ardhi katika karatasi hana la kufanya ila kukubali au kukataa kwa hisia tu. Hawezi kusema, "Hapa mmekosea, na ushahidi wangu ni huu." Wananchi wa vikao vya mwaka 2040 wako leo katika madarasa yetu ya Tatu na ya Nne. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa suala la zana tu.

Mashine inafanya kazi gani?

Kwanza mwalimu aielewe mashine yenyewe, asije akaitukuza wala kuiogopa. Binadamu huona kina kwa sababu ana macho mawili yanayotazama kutoka mahali pawili tofauti kidogo, na ubongo huziunganisha picha hizo mbili. Mwingereza Charles Wheatstone alilithibitisha hilo mwaka 1838 kwa chombo cha vioo kilicholionyesha kila jicho mchoro wake. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza chombo cha kuvaa kichwani kilichochorewa picha na kompyuta, na picha ziligeuka mvaaji alipogeuza kichwa. Chombo hicho kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Miwani ya leo ni nyepesi, lakini misingi yake ni ile ile miwili: picha mbili kwa macho mawili, na picha zinazofuata mwendo wa kichwa.

Msingi wa kwanza waweza kufundishwa bila senti moja. Kila mtoto ashike penseli mbili, afumbe jicho moja, kisha ajaribu kuzikutanisha ncha zake akiwa amenyoosha mikono. Wengi watakosa. Afumbue macho yote mawili na arudie. Katika dakika tano darasa zima litakuwa limegundua jambo ambalo miwani ya bei kubwa imejengwa juu yake.

Kuhusu mguso, nchi yetu ina historia ya karibu. Kati ya mwaka 2017 na 2019 shirika la XPRIZE la Marekani liliendesha shindano la programu za kujifunzia katika Mkoa wa Tanga. Karibu watoto 3,000 wa vijiji vipatavyo 170 walipewa kompyuta bapa zenye skrini za mguso, zilizochajiwa kwa nguvu za jua, wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao walikuwa hawajaingia shule. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya kwanza. Funzo mojawapo la Tanga ni kwamba kidole cha mtoto hakihitaji semina ndefu ili kukizoea kioo. Basi tusiseme kwamba watoto wetu hawataiweza mashine, wataiweza. Tunalouliza sisi ni lile wanaloliona ndani ya kioo: wamelipata wapi, na watajuaje kama ni kweli?

Kilima kisichokuwepo

Mnamo Februari 2000 chombo cha anga Endeavour cha Marekani kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima vimo vya ardhi kwa rada. Vipimo hivyo vilienea karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote, Tanzania ikiwemo, na vilitolewa vitumike na watu wote. Picha nyingi za vipimo vitatu zinazoonyeshwa katika kompyuta, miwani na skrini za mguso zimejengwa kwa namba hizo au nyingine za namna hiyo.

Sasa tuseme mtu ambaye hajafika Rufiji anavaa miwani na "kuruka" juu ya delta iliyojengwa kwa namba hizo. Ataona mabonde ya mito, na kati ya mabonde ataona miinuko ya mita kadhaa imejipanga kando ya vijito. Huenda akasema, "Hapa pana vilima, watu wa bondeni wahamishiwe hapo mafuriko yakija." Ushauri huo utakuwa wa hatari. Mawimbi ya rada iliyotumika hayakupenya hadi chini ya msitu mnene. Yalirudi kutoka katika majani na matawi. Kile kilima ni mikoko, na chini yake ni tope linalofunikwa na bahari.

Mtoto wa Salale aliyezoea kupita huko na wazee wake angeicheka picha hiyo. Lakini angeicheka tu iwapo amefundishwa kwamba picha ni namba zilizopakwa rangi, kwamba namba zilipimwa na chombo fulani kwa njia fulani, na kwamba njia hiyo ina udhaifu wake. Mtoto ambaye shule yake imemzoesha kuikubali picha kwa sababu imetoka katika mashine atakayanyamazia macho yake mwenyewe.

Yafaa tuongeze kwamba wataalamu waliligeuza kosa hilo kuwa elimu. Kwa kuwa ardhi ya mikoko iko karibu na usawa wa bahari, kimo kilichoonekana na rada hukaribia kimo cha miti yenyewe. Kwa hoja hiyo watafiti Lola Fatoyinbo na Marc Simard walichapisha mwaka 2013 makadirio ya vimo na uzito wa mikoko ya Afrika nzima. Nao hawakuziamini namba za rada peke yake. Walizilinganisha na vipimo vya leza kutoka setilaiti. Na kanuni za kukadiria uzito wa mti kutokana na kimo chake hutokana na miti iliyopimwa ardhini, na watu waliokanyaga tope. Desemba 2018 chombo kingine cha leza, kiitwacho GEDI, kilipelekwa katika kituo cha kimataifa cha anga ili kupima vimo vya misitu, nacho pia huhitaji kulinganishwa na vipimo vya ardhini.

Mkono katika historia ya sayansi

Yako mawazo kwamba udongo ni wa watoto wa chekechea na kompyuta ni ya wanasayansi. Historia haiyaungi mkono mawazo hayo. Mwaka 1957 John Kendrew na wenzake wa Cambridge walipopata kwa mara ya kwanza umbo la molekuli ya protini, waliyasoma majedwali ya namba zilizotokana na miale ya eksirei, kisha wakalijenga umbo hilo kwa plastasini, ule udongo laini wa kuchezea. Mwaka 1962 Kendrew alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo.

Wengine walitoka katika mashine wakaurudia udongo. Mwaka 2002 wahandisi wa chuo cha MIT cha Marekani walieleza chombo walichokitengeneza ambacho kilipima kwa leza umbo la udongo wa mfinyanzi mezani, kikafanya hesabu, na kurusha majibu juu ya udongo huo huo kwa mwanga wa rangi. Mtu alipobonyeza udongo kwa kidole, hesabu zilibadilika. Kisha, katika miaka ya 2010, Oliver Kreylos wa Chuo Kikuu cha California huko Davis alitengeneza sanduku la mchanga lenye kamera na taa juu yake: mtoto akirundika mchanga, mistari ya kontua hujichora juu ya rundo, akichimba shimo, ziwa la mwanga hutokea. Mtu huyo ndiye aliyekuwa akitengeneza programu za chumba cha uhalisia pepe ambamo wataalamu wa miamba na matetemeko walitembea ndani ya data zao. Aliyekuwa na chumba hicho cha thamani aliona bado mchanga una kazi.

Hapa Afrika Mashariki mfano ulio bora ni wa Waogiek wa Kenya. Mwaka 2006 walikusanyika Nessuit, katika Bonde la Ufa, wakajenga sanamu ya ardhi ya sehemu ya mashariki ya msitu wa Mau kwa skeli ya 1:10,000, ambapo sentimita 1 ni mita 100. Katika utaratibu huo wa ujenzi, kadibodi hukatwa kwa kufuata mistari ya kontua, kipande kwa kipande, na kubandikwa moja juu ya nyingine hadi milima ipatikane. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na wanafunzi wa shule. Kisha wazee huja na kuyaweka wanayoyajua: majina ya mito, njia, mizinga, mipaka ya koo. Mzee asiyesoma ramani ya karatasi huisoma sanamu papo hapo, kwa sababu mlima wake ameuona umesimama. Namba za kontua hutoka kwa wapima ardhi, majina hutoka kwa wenye nchi, na mtoto hukaa katikati akijifunza kutoka pande zote mbili.

Wala tusidhani kwamba vyombo vya kisasa havina nafasi kwetu. Kuanzia mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzirusha ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha za Unguja na Pemba, ambazo hutoa ramani na vimo vya ardhi. Vijana hao hawakuishia kutazama, walipima.

Somo linaloweza kufundishwa kesho

Mwalimu mwanafunzi atapenda kujua afanye nini akipangiwa shule isiyo na umeme wala kompyuta. Tunapendekeza mfululizo wa vipindi vinne kwa Darasa la Tano au la Sita, unaounganisha Hisabati, Sayansi, na Jiografia na Mazingira.

Kipindi cha kwanza ni cha kupima. Chagua sehemu ya kiwanja yenye mteremko, mita 20 kwa mita 20. Pigilia vigingi kila baada ya mita 5, safu 5 zenye vigingi 5 kila moja, jumla 25. Tafuta mpira mwembamba wa kupitisha mwanga, wenye urefu wa mita 18 hivi, ujaze maji kama wafanyavyo mafundi waashi wanaposawazisha msingi. Maji katika ncha zote mbili husimama kwenye usawa mmoja. Ncha moja ikae kwenye kigingi cha katikati na nyingine ipelekwe kwenye kila kigingi kwa zamu. Ikiwa katikati maji yamesimama sentimita 80 juu ya ardhi, na kwenye kigingi kingine sentimita 95, basi kigingi hicho kiko chini kwa sentimita 15. Kila kundi lishike safu moja na kuandika namba zake. Kila kipimo kichukuliwe mara mbili, na namba zikipishana wapime tena. Wasichague ile iliyowapendeza.

Kipindi cha pili ni cha kujenga. Kigingi cha chini kabisa kihesabiwe sifuri. Kwa skeli ya 1:50, kiwanja kitakuwa sentimita 40 kwa sentimita 40, na vigingi vitaachana kwa sentimita 10. Tandaza tabaka la udongo wa mfinyanzi lenye unene wa sentimita 2 ndani ya boksi la mbao lililotandikwa karatasi ya plastiki. Chomeka njiti 25, kila moja ijitokeze juu ya tabaka kwa kimo chake kwa skeli ya 1:10, kisha jaza udongo hadi ncha za njiti. Hapa mwalimu asikubali kukwepa swali gumu: kwa nini kimo kina skeli yake? Tofauti ya sentimita 60 kwa skeli ya 1:50 ingekuwa sentimita 1.2 tu, na isingeonekana vizuri. Kwa 1:10 inakuwa sentimita 6. Watoto waandike ubavuni mwa boksi: "Kimo kimekuzwa mara 5." Aliyeandika maneno hayo kwa mkono wake atauliza, siku atakapovaa miwani, milima anayoiona imekuzwa mara ngapi.

Kipindi cha tatu ni cha maji. Udongo ukishakauka kiasi, mimina maji polepole hadi sentimita 1 juu ya tabaka la chini, na watoto wapange punje za mtama kando ya ukingo wa maji. Ongeza hadi sentimita 2, kisha 3, na kuendelea. Maji yakiondolewa, punje zitakuwa zimechora kontua, kila moja sawa na sentimita 10 za kiwanjani. Wazitazame kutoka juu na kuzinakili katika karatasi. Ramani imezaliwa mbele yao. Ndipo mwalimu aulize: maji yakipanda sentimita 30, mti gani wa kiwanja utafikiwa kwanza, na darasa lipi litabaki kisiwa?

Kipindi cha nne ni cha kuhakiki. Kila kundi lichague mahali pawili katikati ya vigingi, likisie kimo kwa kuitazama sanamu, kisha litoke nje likapime. Penye tofauti, waeleze sababu. Bila kipindi hiki vingine vitatu ni kazi za mikono tu, kwa kuwa hapa ndipo mtoto anapoiuliza picha yake mwenyewe kama inasema kweli.

Kwa shule za deltani kazi yaweza kupanuliwa hadi kitako cha kijito, lakini kwa tahadhari. Rufiji ina mamba na viboko, na mikondo yake haina simile. Mwalimu asiwaingize watoto majini kwa sababu yoyote. Vina vya maji vipatikane kwa wavuvi, ambao huvijua kwa upondo wao kila siku. Watoto wawahoji na kuandika. Na kila kina kiandikiwe saa na tarehe, na kama ni bamvua au maji mafu, kwani mahali palipo na maji mengi saa moja huenda baadaye pakawa na tope. Kina kisichoandikiwa saa hakimfai mtu.

Pingamizi tunazozisikia

Ya kwanza ni muda: muhtasari ni mrefu na mitihani inangoja. Ni kweli kwamba vipindi vinne ni vingi. Lakini skeli, uwiano, usawa wa maji na ramani ni mada ambazo mwalimu angezifundisha hata hivyo, kila moja peke yake, na aghalabu kuzirudia kwa sababu hazikueleweka.

Ya pili ni wingi wa watoto. Vigingi 25 hutoa kazi kwa makundi matano. Darasa likiwa kubwa zaidi, yajengwe maboksi mawili kwa namba zile zile, kisha yalinganishwe. Tofauti kati ya maboksi hayo zitafundisha mengi kuliko boksi moja lililonyooka.

Ya tatu hutoka kwa wapenzi wa teknolojia, nayo ina uzito. Wanasema kwamba udongo hauwezi kumwingiza mtoto ndani ya jani au ndani ya tufani, wala hauwezi kuonyesha miaka 40 ya mabadiliko ya pwani katika dakika moja. Tunakubali. Hapo mashine haina mpinzani, na shule itakayoipata iitumie bila haya. Tunachosisitiza ni utaratibu: mkono na kipimo vitangulie. Fauka ya hayo, miwani humwacha nje mtoto asiyeona, ilhali sanamu ya udongo humkaribisha sawa na wenzake. Huenda akawa wa kwanza kutambua kwa vidole njiti iliyochomekwa vibaya.

Hitimisho

Tunawaomba walimu wanafunzi watakaokwenda katika mazoezi ya kufundisha waliingize somo hili katika azimio la kazi angalau mara moja, popote watakapopangiwa. Andalio la somo lioneshe ni namba zipi watoto watazikusanya wenyewe, na watazihakiki kwa njia gani. Sisi wakufunzi tutakapokuja kukagua, hatutaanza kwa kuutazama uzuri wa sanamu. Tutamwita mtoto mmoja, tutaweka kidole mahali fulani juu ya udongo, na kumwuliza: "Umejuaje kwamba hapa ni juu kuliko pale?" Akitupeleka kiwanjani kutuonyesha kigingi, tutajua kwamba somo limefundishwa.